Mbuzi Wanne wa Ziada

Chumba chenye baridi kuliko vyote katika maabara yetu kilijengwa kwa ajili ya vichupa, si kwa ajili ya makalio ya mtu. Lakini mkuu mpya alipoletwa, siku ya kwanza tu alisimama katikati ya chumba kile, akainua uso kwenye kiyoyozi kama kuku anayemeza maji, akafumba macho, akasema ofisi yake itakuwa hapo. Kesho yake yakaja makochi mawili, zulia, na meza pana hata mlango ukang'olewa ili ipite. Tangu siku hiyo sisi wa usafi tunamwita Bwana Kiyoyozi. Yeye hajui. Watu wa aina yake hawasikii kitu kinachosemwa chini ya usawa wa mabega yao.

Mimi naosha vyombo. Naosha, nachemsha, nakausha, kisha napanga vichupa vipya kwenye trei na kuviandika namba kwa kalamu isiyofutika. Miaka mitatu ya mwanzo nilifanya kazi hiyo chini ya mama mmoja mtaalamu ambaye sasa amestaafu. Tulimwita Mama Milango, kwa sababu hakuna alichokipenda duniani kama mlango uliofungwa. Maabara yetu inatafuta virusi vya adeno, vile vinavyowapa watoto macho mekundu, kikohozi na kuharisha. Wanyama nao wanavyo, lakini kila mnyama ana vya kwake: ng'ombe vyake, mbwa vyake, kuku vyake. Ni vidogo mno, kwa hiyo mashine inachukua kipande kimoja cha kirusi na kukirudufu mpaka vipande viwe mamilioni, na hapo ndipo vinaonekana kwenye taa kama mstari unaong'aa.

Shida ni kwamba ukifungua kichupa kilichotoka kwenye mashine, hayo mamilioni yanaruka. Mama Milango alinieleza siku moja nilipokuwa nasugua sakafu.

"Umewahi kuona mtu ametoka kwenye mashine ya kusaga bila unga kwenye nyusi?"

Ndiyo maana vyumba vilikuwa viwili. Cha kwanza, kile cha baridi, kilikuwa cha kuandaa sampuli. Cha pili kilikuwa cha kufungulia vichupa vilivyokwisha kupita kwenye mashine. Aliyeingia cha pili hakurudi cha kwanza mpaka kesho, awe ameoga na kubadili koti. Na katika kila trei mama yule aliweka kichupa kimoja cha maji matupu, akakiita shahidi. Maji hayaumwi. Shahidi akionekana ana virusi, kazi ya siku nzima inamwagwa, maana mchafu si mgonjwa, wachafu ni sisi.

Bwana Kiyoyozi alipokalia chumba cha kwanza, kazi zote zikahamia meza moja ya chumba cha pili. Upande wa kushoto vinafunguliwa vya jana, upande wa kulia vinaandaliwa vya leo, na katikati pana kikombe cha chai cha fundi. Shahidi naye akaachishwa kazi. Mkuu alisema hawezi kupoteza dawa kwa kupima maji, kwani maji yanajulikana ni maji. Fundi wa maabara, mtu mzima mwenye ndevu na cheti, akajibu ndiyo mzee. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, na ndilo jina tulilompa.

Mwaka huu watoto wa chekechea iliyo mtaa wa pili kutoka kazini kwetu wakaugua. Macho mekundu, tumbo, homa. Mtu yeyote aliyeingia pale na macho yake mawili angeona taulo moja limetundikwa msumarini, na watoto thelathini na tano wanalifutia mikono, pua na machozi. Lakini taulo halina heshima ya kitaalamu. Mwalimu mkuu wao akasema ni mbuzi wanaopita nyuma ya ua, na Bwana Kiyoyozi akaidaka habari hiyo kama paka aliyetupiwa utumbo. Ugonjwa wa mbuzi umehamia kwa watoto: hapo kuna mikutano, hapo kuna kupanda ndege. Taulo lingempeleka wapi?

Wakachukua sampuli kwa vijiti vya pamba, kwanza kwa watoto wagonjwa, kisha chini ya mkia wa mbuzi arobaini wa nyumba tatu, kila mbuzi akavishwa namba sikioni. Namba thelathini mpaka arobaini walikuwa wa shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ana mbuzi kumi na mmoja katika zizi la mbao nyuma ya nyumba, na anawaita kwa tabia zao. Kuna Mwizi, kuna Mtulivu, kuna Mama Mkwe, yule anayekukodolea macho ukila. Maziwa yao ndiyo yanayoiweka nyumba yetu wima. Shangazi hana kitu kingine, na umri wa kuanza upya umeshampita. Kazini hakuna aliyejua kwamba ni ndugu yangu, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mtu wa kuosha haulizwi kitu pale isipokuwa sabuni iko wapi.

Mbuzi wote arobaini wakaonekana wana virusi. Wote, hata kale kadogo ka jirani kalikozaliwa juzi na ambako kalikuwa bado hakajui kusimama. Mama Milango angeimwaga trei nzima kabla ya chai ya saa nne. Bwana Kiyoyozi alipiga makofi. Wala hakutaka kujua ni virusi vya nani. Maana kuona kwamba virusi vipo ni kama kusikia mtu anakohoa chumba cha pili. Bado hujajua ni nani. Zamani hatua iliyofuata ilikuwa kuzisoma herufi za vinasaba vya kirusi chenyewe, moja baada ya nyingine, ili kutambua kama ni cha mtoto au cha mbuzi. Mkuu alisema hayo yatafuata, kwanza mbuzi wachinjwe na kufukiwa. Yaani tuzike, jina la marehemu tutauliza tukirudi kutoka makaburini.

Sheria ilitaka kipimo kirudiwe mara moja kabla daktari wa mifugo hajatia sahihi karatasi ya kuchinja. Nikawa na siku tatu.

Nilijaribu kusema. Nilimwendea Ndiyo Mzee nikamuuliza kama kwenye marudio haya hatutaweka shahidi. Alinitazama kama vile bomba la maji limemsemesha. Akaniambia, dada, wewe osha, mambo ya mashahidi ni ya mahakamani. Akacheka mwenyewe, maana utani wake haujawahi kupata mteja mwingine. Basi nikaenda kwa mkuu. Nilisimama mlangoni penye baridi, maneno nimeyapanga tangu alfajiri. Alikuwa kwenye simu akimweleza mtu juu ya ugunduzi wake. Alinyoosha mkono bila kunitazama, akanikabidhi vikombe viwili na sahani. Nikavipokea. Nikaenda kuviosha.

Nilipokuwa naviosha ndipo hasira ilipokuja. Mimi hasira zangu huchelewa, lakini zikifika hukaa. Nikatoa kabatini chupa nne ndogo za maji ya sindano, zile za kioo zinazovunjwa shingo, zilizofungwa huko huko kiwandani. Nikajaza vichupa vinne, nikachovya kijiti safi cha pamba katika kila kimoja, nikaviandika arobaini na moja mpaka arobaini na nne, nikavipanga mwisho wa trei. Kwetu kila sampuli hugawanywa mara mbili, nusu ya kupimwa na nusu ya akiba, inayofungwa kabla ya kufika kwenye meza ile. Akiba za maji yangu nikaziweka kwenye friji pamoja na za mbuzi. Daftarini sikuandika kitu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: vichupa vinne visivyo na mwenyewe vitaonekana vina virusi, mtu atauliza hivi ni vya nani, nami nitajibu kwamba ni maji. Kujibu ninaweza. Nilihitaji mtu mmoja tu aulize.

Hakuna aliyeuliza.

Mistari arobaini na minne iling'aa kwenye taa. Ndiyo Mzee akafungua daftari, akakuta namba nne hazina mmiliki. Mtu mwingine angejikuna kichwa. Yeye alichukua rula, akaliburuta jina la shangazi kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka thelathini mpaka arobaini na nne, akaenda kunywa chai. Kwa rula ile, zizi la shangazi likaongezeka mbuzi wanne bila dume kuhusika.

Sikujua habari ya rula mpaka Alhamisi. Daktari wa mifugo, mzee mmoja mrefu mkavu mwenye mabuti ya mpira, alikuja maabara na orodha mkononi. Alikuwa ametoka kuhesabu mbuzi mmoja mmoja kwa kuwapaka chaki mgongoni, kama inavyotakiwa kabla ya kuchinja. Mimi nilikuwa napiga deki kwenye ujia. Nikamsikia anasema kwamba kwa yule mama wa mwisho amehesabu kumi na mmoja, na karatasi inasema kumi na watano.

Bwana Kiyoyozi hakusita hata kidogo. Alisema mwanamke huyo amewaficha wanne. Tena kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kuwafahamu hao wanne. Bila shaka ndio wagonjwa zaidi, ndiyo maana kawaficha. Huenda ni wakubwa. Huenda walinunuliwa mbali na ndio walioleta ugonjwa mtaani. Mwishowe alikuwa anawaeleza kama watu aliosoma nao. Akasema kuficha wanyama wagonjwa ni kosa la jinai, kesho waende na askari, mbuzi wapatikane, na mama huyo ajibu mbele ya sheria.

Deki ilisimama mkononi mwangu. Nilitaka kumwokoa shangazi, sasa nimemtengenezea kesi.

Ijumaa asubuhi niliwekwa nyuma ya gari na sanduku la barafu mapajani, ili hao wanne wakipatikana wachukuliwe sampuli hapo hapo. Mbele walikaa mkuu na daktari wa mifugo. Ubavuni mwangu walikaa Ndiyo Mzee na askari wawili. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba tukipita duka la kwanza nitasema, tukipita kisima nitasema. Maduka yalipita, kisima kikapita.

Shimo lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya zizi. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya mbuzi wake wenye chaki mgongoni, kanga ameikaza kiunoni. Macho yake yalipita juu ya koti jeupe la mkuu, juu ya askari, yakanifikia mimi na lile sanduku.

"Mwanangu," akasema, "umekuja na hawa?"

Mkuu akageuka kunitazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Lakini hakuwa na wakati na mimi, alikuwa na mbuzi wa kutafuta. Askari wakaingia ndani. Waliinua godoro, wakafungua kabati la nguo, wakamulika tochi chini ya kitanda mchana kweupe. Ndiyo Mzee alitumwa bafuni, akatoka akaripoti kwamba hakuna mbuzi bafuni, mzee. Shangazi aliwafuata chumba kwa chumba akiwasaidia. Aliwaambia watazame na kwenye sufuria, labda kawafunika wasipoe. Askari mmoja, mama yake mzazi angelia kumwona, alifunua sufuria.

Waliporudi uani mikono mitupu, Bwana Kiyoyozi alibadilisha sauti. Alimwambia shangazi kwamba watoto wanaumwa kwa sababu yake, kwamba mtu mzima kama yeye hana hata aibu, na kwamba asipowatoa hao wanne sasa hivi ataondoka na askari. Shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anapigana kwa ulimi, hapo akaishika pembe ya Mtulivu. Askari akamshika begani.

"Hao mbuzi wanne wako kwenye friji," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini kila mtu aliisikia, hata mkuu. Daktari wa mifugo alikuwa wa kwanza kunigeukia.

"Friji ipi, binti?"

"Ya maabara. Rafu ya chini. Arobaini na moja mpaka arobaini na nne. Ni maji ya sindano, nimeyatia mwenyewe. Chupa zake nimezihifadhi."

Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema kwamba zamani tulikuwa na vyumba viwili na kichupa cha maji katika kila trei. Sasa chumba kimoja kina makochi, na vichupa vya jana na vya leo vinafunguliwa meza moja, kwa hiyo ukiweka maji yanatoka mbuzi. Ukiweka chai ya fundi nayo itatoka mbuzi. Nikasema sijui kama mbuzi wa shangazi ni wagonjwa au wazima, na hakuna mtu pale aliyekuwa anajua.

Ndiyo Mzee alitazama ardhi kama mtu aliyedondosha sindano. Bwana Kiyoyozi alivimba.

"Mtu wa darasa la tano," akasema, "mtu wa kuosha chupa, ndiye atanifundisha mimi kazi?"

"Hajakufundisha kazi," akasema daktari wa mifugo. "Amekupa maji, ukamwambia ni mbuzi."

Mkuu alifikiri. Ninaapa niliona anafikiri, paji lake la uso lilifanya kazi ngumu. Kisha akasema kwamba jambo hili linaweza kuwa kubwa kuliko tulivyodhani, kwamba inawezekana kabisa virusi vya mbuzi vimekwisha kuingia hata kwenye maji ya kiwandani, na itabidi uchunguzi upanuliwe.

Daktari wa mifugo alimtazama kwa huruma ile anayoitumia kwa ng'ombe aliyekula mfuko wa plastiki.

"Basi tukifukie na kiwanda," akasema. "Shimo hili halitatosha."

Askari aliyekuwa amemshika shangazi akaondoa mkono, akajifanya anajikuna. Mwenzake alicheka waziwazi. Daktari wa mifugo akaikunja karatasi bila kuitia sahihi, akaitumbukiza mfukoni. Akasema hakuna mbuzi atakayekufa mtaa huu mpaka akiba zote zilizo kwenye friji, za mbuzi, za watoto na za maji, zipimwe mahali pengine ambapo watu hawanywi chai mezani. Akalichukua sanduku la barafu kutoka mikononi mwangu, akaenda nalo mwenyewe maabara siku hiyo hiyo, akasimama juu ya Ndiyo Mzee mpaka kichupa cha mwisho kikafungashwa.

Nilitegemea kufukuzwa. Karani wa mkuu, dada mmoja asiyeweza kukaa na siri hata ukimlipia kiti, aliniambia kwamba barua yangu iliandikwa mara tatu. Ya kwanza ilisema nimeweka maji kwenye sampuli. Mkuu akaisoma, akaona atakayeipokea makao makuu atauliza maji hayo yalitoaje majibu ya mbuzi, akaichana. Ya pili ilisema nimeingilia kazi ya wataalamu. Akaona watauliza wataalamu walikuwa wapi vichupa vinne vilipoingia, akaichana. Ya tatu ilisema nimekosa heshima mbele ya wakubwa. Akaiacha mezani siku mbili akitafuta sentensi niliyoikosea heshima, akakumbuka kwamba nilichosema ni mahali ilipo rafu. Hiyo nayo ikaenda na maji. Mpaka leo naosha vyombo. Hanisalimu, lakini hakuwa ananisalimu na zamani, kwa hiyo sijapoteza kitu.

Wiki tatu za kungoja majibu shangazi hakulala vizuri. Asubuhi nilimkuta zizini amesimama tu, hakamui wala hafagii. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Mara moja tu aliniuliza kama hao wa huko kwingine nao wana kiyoyozi. Nikamwambia sijui. Akaguna.

Kisha daktari wa mifugo akaja na mabuti yake, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasoma. Maji manne hayana kitu. Akiba za watoto zina virusi vya adeno vya binadamu, vinavyohamishwa na mikono na vitambaa, na taulo la chekechea limeshachomwa moto. Mbuzi ishirini na tisa wa wale majirani wawili hawana kitu. Kati ya kumi na mmoja wa shangazi, wanane hawana kitu. Watatu wana virusi vya adeno, vya mbuzi wenyewe, vimesomwa herufi kwa herufi, na havifanani na vya watoto hata kwa ukoo wa mbali. Vinaleta kikohozi kidogo kisha vinaondoka. Watengwe wiki mbili, wapate majani makavu, basi.

Shangazi aliuliza ni watatu gani. Akatajiwa thelathini na moja, thelathini na nne, thelathini na tisa. Akatafuta alama masikioni, akapata Mwizi na watoto wake wawili.

"Hawa?" akasema. "Hawa wanakohoa tangu mvua zianze. Mngeniuliza."

Daktari wa mifugo alikubali kwamba wangemuuliza. Alinywa maziwa aliyopewa, akaaga.

Jumatatu iliyofuata habari ya mbuzi watatu ikamfikia Bwana Kiyoyozi, na mwili wake ukachangamka upya. Virusi vya mbuzi vilivyotambuliwa mpaka herufi, tena kutoka kwenye sampuli zake mwenyewe: hapo alianza kunusa ndege. Lakini ili aandike kwamba ni kazi yake, alihitaji sampuli mpya za hao watatu na ruhusa ya mwenye mbuzi. Akamtuma Ndiyo Mzee kwa shangazi, na karatasi iliyopigwa chapa vizuri na mahali pa kuweka dole gumba.

Shangazi alisomewa karatasi yote, akasikiliza kwa adabu. Akasema hana kinyongo, sampuli zipo, mbuzi wapo, lakini sharti lake ni moja. Mwenye maabara aje mwenyewe, avue viatu, aingie zizini ainue mkia, na yeye shangazi ndiye atakayeshika kijiti.

Ndiyo Mzee akajibu ndiyo mama, akarudi na karatasi yake. Mkuu bado anaitafakari. Zizi halina kiyoyozi.